Shingo Kwanza, Jina Baadaye: Ubora wa Magitaa ya Umeme ya Bei Nafuu

Katika mwambao wa Ziwa Nyasa upande wa Tanzania, kuanzia Lituhi, jirani na mahali Mto Ruhuhu unapomwaga maji yake ziwani, hadi Liuli na Mbamba Bay, gitaa la umeme ni chombo cha kazi kuliko pambo la sebuleni. Kwaya za makanisa hulitumia katika ibada na katika kurekodi nyimbo, na vikundi vya muziki hulitumia harusini na kwenye mikutano ya hadhara, kwa mpangilio uliozoeleka wa gitaa la solo, la ridhimu na la besi. Kwa kuwa magitaa hayo karibu yote huagizwa kutoka nje ya nchi na kupitia maduka ya Dar es Salaam kabla ya kusafirishwa hadi Songea na kuteremshwa ziwani kwa barabara ya Kitai, mnunuzi wa Lituhi mara nyingi hutoa fedha kabla hajalishika gitaa lenyewe, na jambo la kwanza analomuuliza muuzaji kwa simu ni nchi lilikotengenezwa.

Swali hilo ni la haki, lakini jibu lake halitoshi kumkinga mtu na hasara. Jina la nchi lililopigwa chapa nyuma ya kichwa cha gitaa hueleza zaidi ujira wa mafundi, mwaka wa kutengenezwa na bei ambayo mwagizaji alikubaliana na kiwanda, kuliko linavyoeleza ubora wa gitaa moja lililo mkononi. Makala haya yanalinganisha magitaa ya bei nafuu kutoka China, Indonesia, Korea Kusini, Mexico na Japani, na kuonyesha kwamba kwa mtu anayeishi mbali na karakana za mijini, kipimo cha maana ni kutenganisha kasoro ambazo fundi wa kawaida anaweza kuzirekebisha na zile ambazo hakuna fundi atakayeziondoa.

Gitaa la umeme linavyofanya kazi

Tofauti na gitaa kavu, ambalo sauti yake hukuzwa na kisanduku cha mbao chenye uwazi ndani, gitaa la umeme kwa kawaida huwa na mwili wa mbao uliojaa, na sauti yake hutokana na pikapu, yaani kifaa chenye sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele kwa maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku hizo, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya, hupita kwenye vitufe vya kuongeza na kupunguza sauti, hutoka kwa jeki, yaani tundu la kuchomekea waya, na kufika kwenye amplifaya inayoukuza hadi usikike kwenye spika. Kwa sababu hiyo mbao za mwili, ambazo katika gitaa kavu ndizo roho ya sauti, katika gitaa la umeme zina mchango mdogo kuliko matangazo ya biashara yanavyodai, na mwili wa mbao laini za bei ya chini unaweza kutumika miaka mingi bila tatizo.

Sehemu inayobeba mzigo ni shingo. Mbele yake hubandikwa ubao mwembamba wa vidole, na katika ubao huo hupigiliwa freti, yaani vipande vyembamba vya chuma, kwa kawaida 21 au 22, vinavyoukata uzi katika urefu tofauti ili kupata sauti tofauti. Upande wa juu nyuzi hupita kwenye kizingiti chenye mifereji sita kabla ya kufika kwenye funguo za kuzikazia, na upande wa chini hushikwa na daraja la chuma. Nyuzi sita zikikazwa hadi sauti yake ya kawaida huivuta shingo kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 40 hadi 46 hivi, mchana na usiku, na ndiyo maana ndani ya shingo hufichwa fimbo ya chuma inayoweza kukazwa au kulegezwa kwa spana ndogo ili kuidhibiti isipinde kupita kiasi.

Vipimo vyake havina masihara. Katika magitaa yanayofuata umbo la Stratocaster ya kampuni ya Fender ya Marekani, umbali kutoka kizingiti hadi daraja ni milimita 648, na freti ya 12 lazima ikae milimita 324 kutoka kizingiti. Freti zikipigwa mahali pasipo pake hata kwa milimita moja, gitaa halitapatana na kinanda hata likityuniwa namna gani. Zamani kosa la aina hiyo lilikuwa la kawaida katika magitaa ya bei ya chini, lakini leo mifereji ya freti hukatwa na mashine zinazoongozwa na kompyuta, na mashine hizo hukata kwa usahihi uleule ziwe Marekani au China. Tofauti iliyobaki imo katika mambo ambayo mashine haiyamalizi: kukausha mbao, kulainisha na kusawazisha freti kwa mkono, kuchonga kizingiti, na kuchagua chuma cha funguo na daraja.

Nchi zilivyopokezana kazi

Historia ya viwanda inaonyesha jinsi sifa ya nchi inavyobadilika. Miundo inayoigwa hadi leo ilitoka Marekani katika kipindi kifupi: Telecaster ya kampuni ya Fender ilipata jina hilo mwaka 1951, Les Paul ya Gibson ikafuata mwaka 1952, na Stratocaster mwaka 1954. Mwaka 1960, katika mji wa Matsumoto nchini Japani, ilianzishwa kampuni ya FujiGen, ambayo baadaye ilitengeneza magitaa yaliyouzwa kwa majina ya Ibanez na Greco. Magitaa ya Japani ya wakati huo yalihesabiwa kuwa ya watoto na wanaojifunza, lakini kufikia mwaka 1977 nakala zao zilikuwa nzuri kiasi kwamba kampuni iliyomiliki Gibson ilifungua shauri nchini Marekani kupinga umbo la kichwa cha gitaa kuigwa, na mwaka 1982 Fender yenyewe iliwapa Wajapani kazi ya kutengeneza magitaa ya bei nafuu kwa jina la Squier.

Kilichoiondoa kazi hiyo Japani ni fedha, wala si ubora kushuka. Baada ya makubaliano ya nchi tajiri ya mwaka 1985 kuhusu thamani ya dola, sarafu ya Japani ilipanda kwa kasi, magitaa yake yakawa ghali nje ya nchi, na maagizo yakahamia Korea Kusini katika viwanda vya Samick na Cort. Ujira ulipopanda Korea, kampuni hizohizo zilijenga viwanda Indonesia, na kiwanda cha Cort kilichoko Surabaya kikawa kinatengeneza magitaa kwa ajili ya majina kadhaa mashuhuri, kila jina likiwa na bei na masharti yake. Fender ilifungua kiwanda Ensenada, Mexico, mwaka 1987, na Gibson ikafungua cha kwake Qingdao, China, mwaka 2004 kwa ajili ya magitaa ya Epiphone. Kwa hiyo magitaa mawili yaliyotoka chini ya paa moja la Surabaya yanaweza kutofautiana kuliko gitaa la Indonesia na la Korea, kwa sababu mwagizaji mmoja amelipia saa nyingi za kusawazisha freti na mwenzake amelipia chache.

Nchini Tanzania suala la ubora lilikuwa la taasisi kabla halijawa la mtu binafsi. Katika miongo iliyofuata uhuru bendi kubwa zilimilikiwa na vyama, majeshi na mashirika: NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, Jeshi la Kujenga Taifa, Polisi na kiwanda cha nguo cha Urafiki vilikuwa na bendi zao, na Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri. Magitaa na amplifaya vilikuwa mali ya mwajiri, naye mwanamuziki aliyehama bendi aliviacha nyuma. Baada ya biashara ya nje kufunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, na viwanda vya Asia vikiwa vimeshusha bei, gitaa liliweza kununuliwa na mtu mmoja, na mzigo wa kujua zuri na baya ukamwangukia yeye.

China, Indonesia, Korea, Mexico na Japani

Magitaa ya China ndiyo yenye tofauti kubwa zaidi baina yao. Kwenye ngazi ya chini kabisa yapo yale yanayouzwa kwa seti, pamoja na mkoba, waya na amplifaya ndogo, ambamo freti huachwa na ncha zinazokwaruza kiganja, kizingiti huwa cha plastiki yenye uwazi ndani, funguo hulegea na jeki hukwama baada ya miezi michache. Ngazi ya juu yake hutoka viwanda vinavyosimamiwa na wenye majina, na huko kazi ni safi. Shida ya mnunuzi ni kwamba ngazi zote mbili zina maandishi yaleyale nyuma ya kichwa, na kwamba soko lina magitaa ya kughushi yenye majina ya Gibson na Fender, ambayo kwa Tanzania ni suala linaloangukia mamlaka ya Tume ya Ushindani, chombo kilichoundwa chini ya sheria ya mwaka 2003. Gitaa lenye jina la Gibson la Marekani likiuzwa kwa bei ya gitaa la mwanafunzi halina haja ya uchunguzi mrefu.

Magitaa ya Indonesia, katika kiwango cha bei kinachokaribiana na hicho cha juu cha China, kwa kawaida hayapishani sana, kwa maana kwamba ukichukua matano ya aina moja yatafanana. Mfano unaojulikana ni Pacifica ya Yamaha, iliyoanza kuuzwa mwaka 1990, ambayo toleo lake la 112 limetengenezwa Indonesia kwa miaka mingi likiwa na mwili wa mbao imara na shingo ya mepo, mti mgumu wa nchi za baridi. Magitaa ya Korea hupatikana zaidi yakiwa yametumika. Yale ya miaka ya 1980 mara nyingi yana mwili wa plaiwudi, jambo lisiloharibu matumizi yake, huku yale ya baadaye yakiwa na vyuma vizuri na rangi iliyopakwa kwa uangalifu. Ya Mexico hutengenezwa kwa mbao na mashine zinazokaribiana na za Marekani, na bei yake hukaa juu ya kiwango ambacho kwaya nyingi za vijijini zinaweza kukifikia, ila yakiwa yametumika. Ya Japani yaliyotumika yana sifa ya shingo zilizotulia, kwa sababu mbao ambayo imekaa miaka 30 bila kujikunja ina uwezekano mkubwa wa kuendelea hivyo, lakini freti zake huenda zimeliwa na nyuzi hadi zikahitaji kubadilishwa.

Mbao, mvua na kiangazi

Mkoa wa Ruvuma una msimu mmoja wa mvua, unaoanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili au Mei, kisha kiangazi kirefu hufuata. Mbao hufyonza unyevu na kutanuka wakati wa mvua, na hunywea wakati wa kiangazi, hasa kwa upana wake, ilhali chuma cha freti hakibadiliki kwa unyevu. Wapiga ngoma wa mwambao wanaijua tabia hiyo kwa ngozi ya ngoma, ambayo ikishika unyevu hulegea mpaka ianikwe juani au ipashwe moto. Katika gitaa, mbao zilizokaushwa vizuri kiwandani hubaki na unyevu wa asilimia 6 hadi 8 na hutulia. Zilizoharakishwa huendelea kunywea zikiwa tayari mikononi mwa mnunuzi, na ifikapo Septemba au Oktoba ncha za freti huchomoza kando ya shingo zikakata vidole.

Wasiwasi huo si mpya kusini mwa Afrika. Magitaa kavu ya Gallotone, yaliyotengenezwa Afrika Kusini na kuenea sana katika nchi za jirani, yalibandikwa ndani karatasi iliyomhakikishia mnunuzi kwamba hayatapasuka, na moja la aina hiyo ndilo alilojifunzia John Lennon wa Liverpool katika miaka ya 1950.

Aina ya mbao pia imeathiriwa na sheria za kimataifa zinazougusa mkoa wenyewe. Mpingo, unaostawi katika misitu ya Ruvuma hasa upande wa Namtumbo na Tunduru, ni wa jamii moja na mbao nyekundu za India zilizozoeleka kwenye ubao wa vidole. Tarehe 2 Januari 2017 jamii hiyo yote iliwekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na hata gitaa lililokamilika likahitaji kibali kuvuka mpaka, hadi ala za muziki ziliposamehewa mwaka 2019. Viwanda vya magitaa ya bei nafuu vilihamia kwenye mbao nyingine, na vingi havikurudi. Ndiyo maana magitaa mengi mapya ya bei ya chini yana ubao wa vidole wa rangi ya kahawia iliyopauka, unaoonekana mkavu. Hilo si dalili ya kasoro, ila ubao huo hufaidika ukipakwa mafuta kidogo kila kiangazi.

Kasoro zinazotibika na zisizotibika

Uchunguzi wa gitaa huanza kwa kulishika kama bunduki inayolengwa, jicho likiwa kwenye kichwa na kutazama kandokando ya shingo hadi kwenye daraja. Shingo nzuri huonekana imenyooka au imebonyea kidogo sana katikati. Shingo iliyosokoteka, yaani ambayo upande wa uzi mnene umeinuka na wa uzi mwembamba umeshuka, ni ya kukataliwa, kwa sababu fimbo ya ndani hunyoosha mbele na nyuma tu, haiwezi kufumua msokoto. Hatua ya pili ni kubana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja na kutazama nafasi iliyobaki katikati: ikitosha karatasi moja au mbili kupita, shingo iko sawa, ikiwa kubwa, muuzaji aombwe kuizungusha fimbo robo mzunguko, na ikigoma kuzunguka, gitaa hilo litakuwa mzigo.

Kisha kila uzi hupigwa kwenye kila freti, moja baada ya nyingine, na sikio lisikilize mahali uzi unapokoroma au kufa. Freti moja iliyoinuka si msiba, kwani hugongwa taratibu kwa nyundo ya mpira au husawazishwa kwa tupa. Mwishoni uzi hupigwa wazi na kisha kwenye freti ya 12. Sauti ya pili isipokuwa juu ya ile ya kwanza kwa oktavu moja kamili, skrubu za daraja zisogezwe, na zikifika mwisho bila sauti kukubali, daraja limefungwa mahali pasipofaa.

Kwa kipimo hicho kasoro nyingi za magitaa ya bei ya chini zinatibika hata Lituhi. Ncha kali za freti huondolewa kwa tupa ndogo na msasa laini. Kizingiti cha plastiki hubadilishwa kwa kipande cha mfupa wa ng'ombe uliochemshwa, ukakaushwa, kisha ukachongwa mifereji sita kwa tupa nyembamba, na kazi hiyo humpa mpigaji kizingiti kigumu kuliko kilichotoka kiwandani. Jeki iliyolegea na waya ulioachia huchomewa risasi na fundi redio yeyote. Funguo mbovu hununuliwa upya kwa seti. Shingo iliyosokoteka, fimbo iliyokatika ndani na mbao iliyopasuka kwenye kishikio cha shingo hazimo katika orodha hiyo.

Umeme nao uangaliwe

Lawama nyingi zinazotupiwa gitaa kwa kweli ni za umeme. Nyuzi za gitaa huunganishwa na waya wa ardhini wa mfumo mzima, kwa hiyo jengo lisilo na waya huo husababisha mvumo usiokoma na, kwa hali mbaya zaidi, humrusha mpigaji anapogusa nyuzi na maikrofoni kwa pamoja. Inveta za sola za bei ya chini, ambazo hazitoi wimbi laini la umeme, huingiza mlio katika pikapu zenye koili moja ya waya, na kwa ukumbi unaotegemea sola ni afadhali gitaa lenye pikapu za koili mbili, zilizobuniwa kuufuta mlio huo. Amplifaya iliyotumika kutoka Japani imetengenezwa kwa volti 100, na ikichomekwa moja kwa moja kwenye volti 230 za Tanzania itaungua. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme.

Namna ya kugawa fedha

Kwaya inayonunua magitaa matatu kwa mkupuo hushawishika kuyapa yote bei sawa, au kulipendelea gitaa la solo kwa kuwa ndilo linalosikika zaidi. Hesabu ya ufundi inaelekeza vingine. Besi lina urefu wa milimita 864 kati ya kizingiti na daraja, na nyuzi zake nne nene huvuta kwa nguvu inayopita uzito wa kilo 70, kwa hiyo shingo yake ndiyo inayoteseka zaidi na ndiyo isiyosameheka ikiwa ya mbao zisizokauka. Fedha nyingi ziende huko, na gitaa la Indonesia au la Japani lililokaguliwa linastahili bei yake. Solo lifuate, kwa kuwa linahitaji freti zilizosawazishwa hadi juu kabisa ya shingo. Ridhimu, ambalo hupigwa zaidi kwenye freti chache za mwanzo, linaweza kuwa gitaa la China la bei ya chini ambalo shingo yake imenyooka na limepitia mikononi mwa fundi, na akiba inayopatikana hapo itumike kununua seti kadhaa za nyuzi, kwa sababu nyuzi zilizoshika kutu huharibu freti na sauti ya gitaa lolote, liwe limetoka nchi gani.